Ukuta Tulioukata Mgongo

Mimi hakuna jambo chini ya jua hili la kunishangaza. Nimeona mtu akikatwa panga kwa ajili ya kibuyu cha mnazi, naye akamaliza kwanza kunywa ndipo akaanguka. Kipande cha sikio langu la kushoto kilibaki Mariakani, mdomoni mwa utingo wa lori, na meno mawili ya huyo utingo nikaenda nayo Kaloleni mfukoni. Shule niliiacha darasa la tatu, siku mwalimu aliponichapa nami nikaikamata fimbo nikamrudishia. Kwa hiyo haya ninayoyaandika, mwandiko ni wangu na makosa ni yangu, na nyumba ninayoandikia, ya mawe, yenye madirisha sita, niliijenga kwa mikono hii. Sikurithi hata jembe.

Mali yangu ya kwanza ilikuwa timbo. Lilikuwa upande wa juu wa barabara, ukitoka Kilifi kwenda Malindi, kabla hujafika njia ya kuingia Dabaso. Asiyejua timbo, ni pale tunapokata mawe ya kujengea. Ardhi yetu ya pwani chini ni matumbawe matupu, jiwe jeupe linalokatika kama muhogo likiwa bichi, likishapigwa jua linakuwa gumu kama deni la mkwe. Makombo yake tulikuwa tukiyachoma tanuuni yakawa chokaa.

Nililipata mwaka ule wa mahindi ya manjano, njaa ilipokuwa kali na serikali ikagawa mahindi ya ng'ambo. Mwenye shamba alikuwa mzee asiye na watoto wa kiume, na genge la watu wanane lilikuwa likikata mawe yake bila kumpa hata senti. Aliniambia, "Ukiwatoa hao, timbo ni lako. Mimi utanipa changu kila mwezi, basi." Niliwatoa. Ilinichukua siku mbili. Siku ya kwanza walinivunja ubavu. Siku ya pili nilirudi na ubavu wangu huo uliovunjika, nikamchukua mkubwa wao nikamkalisha ndani ya shimo la chokaa mbichi iliyokuwa ikichemka. Alitoka mweupe, ngozi ya mapaja inambambuka, na wale saba wakaona wana shughuli kwingine.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Na hivyo ndivyo tulivyoishi pale. Watu ishirini, jua kichwani, vumbi kwenye mapafu, kila mtu analipwa kwa idadi ya mawe aliyokata, na mawe hayana jina la mtu. Ugomvi ulikuwa kama uji, wa kila asubuhi. Huyu amesogeza rundo la yule, yule amemvunja huyu pua. Sikuwaamua. Niliwaacha wapigane mpaka wachoke, nikawaambia waliochoka warudi kazini. Sheria ilikuwa moja tu, na sikuitunga mimi, niliikuta kwa wakata mawe wote wa pwani: chuma chini. Ukitaka kupigana, tupa kwanza ulichoshika. Ngumi, kichwa, meno, hayo ruhusa. Lakini atakayemwinulia mwenzake mtaimbo au sururu, huyo si mwenzetu tena, na hakuna timbo litakalompokea. Maana pale kila mtu ana chuma mkononi kutwa nzima. Bila ya sheria ile tungemalizana kwa wiki moja.

Fundi wangu mkuu alikuwa kaka wa mke wangu. Mulamu, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita shemeji. Alikuwa mrefu, mtaratibu, haongei mpaka aulizwe mara mbili. Angeweza kuligonga jiwe kwa kidole akakwambia litapasukia wapi. Yeye ndiye aliyetuletea ile kazi ya kabari za mti, aliyofunzwa na mzee mmoja wa zamani. Unachimba mfereji mwembamba juu ya jiwe, unapigilia kabari za mkoko uliokauka kabisa, halafu unazimwagia maji. Mti unakunywa, unavimba, na baada ya saa chache jiwe kubwa kama gari linapasuka lenyewe bila mtu kuligusa. Matimbo yote ya njia ile yalikuja kuchungulia. Watu walidhani ni uganga. Mimi sikuwaambia si uganga.

Basi, tulikuwa tumekata miaka miwili hivi, na hoteli za Watamu na Malindi zinajengwa usiku na mchana, lori zinapanga foleni kwangu. Ndipo akaja mtu kutoka Nairobi, wa ofisi ya kutunza vitu vya kale. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mkononi ana nyundo ndogo kama ya fundi viatu. Akauona ukuta tuliokuwa tumeukata upande wa magharibi, mrefu futi ishirini kwenda juu. Akasimama. Akaugusa kwa viganja viwili kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Bwana, unajua hii ni nini?" akaniuliza.

"Ukuta."

"Hii ni bahari."

"Basi tuvue!" akasema mkata mawe mmoja, na timbo zima likacheka.

Yeye hakucheka. Akanionyesha ndani ya jiwe makombe ya bahari, yale magamba ya chaza, makubwa kama mabeseni, yamefumba, na matumbawe ya duara yamesimama vilevile yalivyoota. Akasema bahari ilikuwa imefika pale juu, na viumbe vile vilikufa mahali pao bila kusogezwa. Akataja miaka. Ilikuwa mingi hata mama aliyetupikia uji akauliza, "Hizo ni shilingi?"

"Ukuta huu usikatwe tena," yule bwana akaniambia. "Kila jiwe unalotoa hapa ni ukurasa umechanwa."

Nilimshika kola. Simwambii mtu uongo, miguu yake iliacha ardhi. "Timbo hili linalisha nyumba yangu, nyumba ya mama yangu na nyumba za watu ishirini," nikamwambia. "Wewe unaniletea habari za kombe?" Nikampiga kofi moja, la kufungua tu, miwani ikaruka ikabaki inaning'inia kwa ule uzi. La pili mulamu aliudaka mkono wangu hewani. "Mwache, mulamu," akasema. "Huyu ana serikali nyuma yake." Alisema kweli. Baada ya wiki yule bwana alirudi na chifu na askari wawili. Chifu akaisoma barua mbele ya watu wote: uso wa ule ukuta, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, usikatwe wala usikwaruzwe wala usiandikwe, mpaka wataalamu wamalize kazi yao. Ukiguswa, mimi ndani. Kwingine niendelee.

Kwingine wapi? Kusini palikuwa na udongo mwekundu. Mashariki jiwe lilikuwa bovu, limejaa matundu, linamomonyoka kama mkate wa juzi. Jiwe zuri lote lilikuwa limelala nyuma ya ukuta ule, na lori ikiondoka tupu mara mbili, ya tatu haiji, inakwenda kwa mwingine. Nilijua kabisa: jiwe lile nilipate, au timbo limekufa na mimi narudi Kaloleni kugema minazi ya watu.

Nililala nikaamka na jawabu. Asubuhi nikawaita. "Barua imekataza uso. Tutaingia kwa nyuma. Tunaanzia juu kilimani, tunashuka, tunakata nyuma ya ukuta. Uso wao tunawaachia, na makombe yao yote, hata kucha haitaugusa."

Watu wakapiga makofi. Mulamu hakupiga. Nikamwuliza, nikamwuliza mara ya pili.

"Jiwe lisilo na mgongo halisimami," akasema. "Ukuta ule unashikwa na kilima. Ukikitoa kilima unabaki ubao. Mimi siingii."

"Unaogopa."

"Ndiyo, naogopa. Na wewe ungekuwa na akili ungeogopa."

Nilitupa mtaimbo chini, naye akatupa wake, tukashikana. Nisiongope, alikuwa na nguvu. Nilianguka mara tatu, lakini mara mbili kati ya hizo ni kokoto ziliteleza. Alinikalia kifuani, damu ya mdomo wake inanidondokea jichoni, akaniuliza kwa ile sauti yake ya taratibu, "Imetosha?" Ndipo nikasema neno, nikiwa nimelala chali chini yake, na kulisema nikalisema kwa sauti ili wote wasikie.

"Kwenu kuna mwanamume mmoja tu, nami nilimwoa."

Timbo lilipasuka kwa kicheko. Watu walijishika mbavu, mama wa uji akaangusha upawa. Mulamu aliinuka. Akajifuta mdomo, akaokota gunia lake la kabari, akapanda kilimani kuanza kazi bila ya kumtazama mtu. Wengine wakamfuata. Nilijiona mshindi siku ile. Nilikunywa mnazi, nikaisimulia vita ile mara nne, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa juu.

Tulikata majuma matatu. Jiwe la nyuma lilikuwa zuri, jeupe kama nazi, halina doa. Lori zikarudi. Yule bwana wa Nairobi alipita mara moja, akautazama uso, akaridhika, akanipa mkono. Kilima kinapungua, nyuma ya ukuta pakawa korongo lenye kina kupita urefu wa mtu, na ukuta wenyewe pale juu ukabaki na unene wa mkono wangu huu, kutoka bega hadi vidoleni. Kila asubuhi mulamu aliweka sikio kwenye jiwe kabla hajaanza kazi, anatikisa kichwa. Nikawa namkejeli, "Daktari, mgonjwa anasemaje?"

Safu ya mwisho, ile iliyoushika ukuta mgongoni kule chini, aliniambia tuiache. Nikamwambia tuikate, hiyo ndiyo nene na ndiyo nzuri, halafu tunaliacha korongo. Asubuhi moja, masika yamekaribia na hewa nzito, wakapigilia kabari kumi na mbili katikati ya ukuta na ile safu, wakazimwagia maji. Zilianza kunywa kama saa mbili.

Saa nne nikasikia gari. Yule bwana, na nyuma yake wanafunzi wa chuo, wavulana na wasichana kama kumi na tano, na madaftari. Walikuja kuuchora ukuta. Kabla sijafungua mdomo walikwisha kukaa chini yake, magoti karibu yauguse, msichana mmoja amevua viatu.

"Shikamoo, mzee," wakanisalimia wote kwa pamoja. Mimi sikuwa mzee hata kidogo, nilikuwa na miaka thelathini na mitano, lakini niliitikia.

"Marahaba, wanangu. Choreni, choreni."

Nikazunguka nyuma haraka. Watu wangu walikuwa wameacha kazi. Mulamu amelaza sikio kwenye jiwe, macho ameyafumba.

"Linalia," akasema.

Nami nikalisikia. Mlio mdogo, kama mtu anayevunja kuni mbali.

"Zitoe kabari," nikamwambia.

"Kabari ikishakunywa haitoki, unajua. Kuna watu kule mbele?"

"Wanafunzi."

"Watoe."

"Nikiwatoa watauliza kwa nini. Watakuja huku wataona. Tulia, jiwe litapasukia upande wetu, kama siku zote."

"Siku zote lilikuwa na mgongo!" Ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mulamu akipiga kelele. "Kabari inasukuma kotekote, na upande wa kule ndio mwepesi. Litawaangukia. Nipishe."

Kutoka korongoni kulikuwa na njia moja, nyembamba, katikati ya malundo mawili ya kifusi, nami nilikuwa nimesimama katikati yake. Mtaimbo wangu mkononi. Sikuutupa.

"Rudi," nikamwambia.

"Nipishe, mulamu. Wale ni watoto wa watu."

"Ukipita wewe, timbo limekwisha."

Alikuja. Niliinua chuma nikampiga. Nilikusudia bega, sijui kama hiyo ni afadhali, kikampata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Nimesikia mifupa mingi ikivunjika, yangu na ya watu, lakini ule ulitoa sauti ya mti mbichi, na mpaka leo nikimsikia mtu akivunja kijiti cha muarobaini kupigia mswaki, naondoka mahali pale. Hakuanguka. Alinipita kwa bega la kushoto, mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa kanzu iliyoanikwa, akatokeza kule mbele akipiga kelele, "Tokeni! Ukuta! Tokeni!"

Walimwona mtu mrefu mweupe kwa vumbi, damu inatiririka vidoleni, anawajia mbio. Wakakimbia kwa kumwogopa yeye. Yule bwana wa Nairobi alikuwa wa mwisho, amerudi kuchukua begi. Mulamu akampiga kikumbo kwa kifua kama fahali, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto, na ukuta ukaja.

Haukuporomoka. Ulilala. Mzima, polepole mwanzoni, halafu kwa mkupuo mmoja, na ardhi ikaturusha. Vumbi lilipanda hata jua likawa kama sahani ya bati. Lilipotulia, madaftari yalikuwa chini ya mawe, na kiatu kimoja cha yule msichana kilikuwa kinachungulia. Watu tuliwahesabu mara tatu. Hakupungua mtu.

Yule bwana aliinuka, goti limechanika. Nilimngojea anijie, nimekwisha kukunja ngumi. Hakunijia. Alitembea juu ya kifusi mpaka pale ukuta ulipokuwa, akatazama kule nyuma, kwenye ile safu yangu ya mwisho iliyobaki imesimama. Ilikuwa imepasuka vizuri, safi, kama ulivyo mpasuko wa kabari siku zote. Na ndani yake, kutoka chini hadi juu, palikuwa na miamba mizima ya matumbawe imesimama kwa mashina yake, na makombe yamejipanga safu kwa safu kama meno. Ule ukuta wa kwanza ulikuwa si kitu mbele yake. Nilimwona akilia, mtu mzima, mabega yanamtikisika. Kisha akageuka akamwambia chifu, aliyekuja mbio aliposikia kishindo, "Hapa pote. Kuanzia leo, pote."

Nilitazama watu wangu. Wa kwanza aliweka sururu yake chini mbele yangu, hakuitupa, aliiweka. Wa pili akaweka. Walishuka wakambeba mulamu kwa mlango wa choo chetu cha makuti, wakaenda naye barabarani. Mama wa uji akageuza sufuria yake, uji ukamwagika mchangani, akaondoka nayo kichwani. Kabla jua halijatua habari zilikuwa zimefika matimbo yote hadi Malindi: yule amempiga fundi wake kwa chuma.

Siku hizi pale pana uzio wa waya, na kibao, na wanafunzi huja kwa basi. Kibao kinasema sehemu ya mwamba ilianguka, na yule bwana aliandika hivyohivyo, ndiyo maana sikufungwa. Mwamba hauanguki wenyewe. Niliuangusha mimi.

Nyumbani mke wangu alikwisha kuambiwa. Alikuwa akitwanga. Nilipoingia uani aliinua mchi akanipiga nao mgongoni, halafu begani, na nilipoukamata akaniuma kidole mpaka kwenye mfupa. "Ule mkono ndio ulionibeba mtoni nikiwa mdogo!" akasema. Kabla usiku haujaingia ndugu zake watatu walikuwa wamefika. Walinipiga kwa ubapa wa mapanga mlangoni pangu, majirani wakitazama, na hakuna aliyesema basi. Niliwaumiza wawili, na wenyewe wapo, waulizeni. Lakini nilipigwa. Wakamchukua dada yao na watoto wangu wanne, wakaenda nao Kaloleni.

Nilikaa mwezi mzima peke yangu nyumbani. Halafu nikaenda. "Shikamoo, baba," nikamwambia mkwe wangu. Hakuitikia. Nikasalimu mara ya pili. Akanionyesha kinu kilichopinduliwa nikakaa juu yake, kama mtoto, wazee wakanizunguka. Mulamu alikuwa upande wa pili wa ua. Mkono ulikuwa umeunga, lakini umeunga vibaya, umepinda nje, na vidole havikukunjika. Alikuwa anajaribu kumenya muhogo kwa kushoto.

"Mkono huo ulikuwa ukilisha nyumba tatu," mkwe akasema. "Ungeuvunja kwa ngumi, tungekunywa mnazi yakaisha. Umeupiga kwa chuma. Una neno?"

Nilikuwa nayo mengi, nimeyapanga njia nzima. Kwamba ni timbo langu. Kwamba sikukusudia mkono. Niliyaacha yote nikamwuliza mulamu, "Unauma?"

Akaniuliza yeye, "Wale watoto walirudi kwao wote?"

"Wote."

"Basi," akasema, akaendelea na muhogo wake.

Wazee wakataja fidia. Mimi ninayebishania bei ya kiberiti, sikubishana. Niliuza lori yangu kuukuu, mitaimbo na sururu zote kwa uzito wa chuma chakavu, na mabati ya jikoni. Mke wangu na watoto walirudi siku nilipomaliza kulipa. Hospitali, mbuzi, mnazi wa wazee, na ule mkono wenyewe, vyote kwa pamoja, shilingi elfu kumi na tisa, mia nne na sitini na tano.